Mume wangu mchungaji kaisha, wazee wanasema afunge

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mke wa mchungaji, tuko Mbeya. Kanisa tulilianzia sebuleni kwetu, saivi watu wanajaa mpaka nje, tunamshukuru Mungu, ila mume wangu kaisha. Maombi ya alfajiri yeye, mkesha wa Ijumaa yeye, misiba yeye, mtu kagombana na mkewe saa nane usiku simu kwake. Jumapili akitoka madhabahuni anajifungia chumbani hataki hata watoto wamsemeshe. Juzi kaniambia anahubiri lakini ndani hasikii kitu. Nikawagusia wazee wa kanisa wakasema ni vita vya kiroho, afunge siku 21. Afunge tena jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Asifunge. Mpikie ale, alale.

Najua kuna watakaosema namzimia mtumishi moto, sawa, ila wafungue 1 Wafalme 19 wasome taratibu. Eliya katoka kushusha moto Karmeli, Yezebeli kamtishia, kakimbia mpaka jangwani kakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpangia mfungo, alimgusa akamwambia ainuke ale, mkate upo na maji yapo, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, ndo safari ya Horebu ikaanza. Zile siku 40 alitembea kwa nguvu ya hicho chakula, na sauti ndogo ya utulivu aliisikia huko mbele, akiwa ameshalala.

Sasa tatizo la makanisa yetu haya ya kuanzia sebuleni, mwanzilishi ndo kila kitu. Wenzetu Wakatoliki, sheria ya kanisa lao ya 1983 inampa paroko likizo hadi mwezi mmoja kwa mwaka, na siku za mafungo, yaani kujitenga kusali, siyo kufunga kula, hazihesabiwi humo. Sisi walokole nani anampa mchungaji likizo? Akitoka wiki mbili watu wanaanza maneno, sadaka inashuka, na nyie mnakula kwa hiyo sadaka, tusifichane. Ndo maana asiondoke kimyakimya. Aitishe kikao, awasomee wazee Kutoka 18, pale Yethro anamwambia Musa kazi hii huiwezi peke yako, halafu wagawane: simu za usiku wazee kwa zamu, mkesha mashemasi, Jumatatu mchungaji haguswi labda msiba. Wakikataa hata hilo basi ujue hawataki mchungaji, wanataka punda.

Likizo yenyewe nendeni hata Tukuyu kwa ndugu, simu yake ukae nayo wewe. Jumapili akasali kanisa ambalo hawamjui, akae benchi la nyuma, aombewe na yeye. Na Biblia aisome bila kalamu mkononi, maana wachungaji wengi wakifungua Zaburi tu tayari wanatafuta pointi tatu za kuhubiri.

Hiyo ya kutosikia kitu ndani isikutishe sana, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutambua uchovu wa namna hii kuwa unaletwa na kazi: nguvu zinaisha, kazi inakuchosha hata kuifikiria, unajiona hufai. Ila akianza kusema bora afe kama Eliya, au akikosa usingizi wiki nzima, hapo usingoje kikao wala likizo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mchukue mzee mmoja anayemheshimu asije akagoma njiani.