Jibu: Kwa nini Pissarro alizificha nyumba nyuma ya miti?

Mkuu, umeuliza kama ile picha ya Camille Pissarro, mchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, yenye mapaa mekundu ina kasoro, maana miti imezifunika nyumba zenyewe. Hapana, kafanya makusudi. Ile ni Les toits rouges (yaani Mapaa Mekundu) ya mwaka 1877, rangi za mafuta juu ya turubai, na mahali ni Pontoise, kaskazini-magharibi mwa Paris, alikokuwa akiishi. Ni majira ya baridi, miti ya matunda imepukutisha majani, ndiyo maana mapaa yanaonekana kupitia matawi. Angechora kiangazi, ungeambulia majani tu.

Ikuze picha uangalie katikati. Wekundu haukuishia kwenye vigae. Ameutawanya mpaka kwenye udongo, vichaka na mashamba ya kilimani kule nyuma. Rangi nayo ameirundika nzito, mpigo wa brashi juu ya mpigo, kiasi kwamba shina la mti na ukuta wa nyumba vinakaribia kushikana. Wachoraji wengi wa kabla yake wangekuwekea kinjia mbele kikupeleke hadi mlangoni. Yeye kakunyima, utafute mwenyewe pa kupita. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo, ingawa wapo wanaoiona imejaa mno.

Na lile swali la pili, picha iko wapi sasa: ipo kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Ilikuwa mali ya Gustave Caillebotte, mchoraji mwenzake aliyejaliwa fedha, ambaye alipofariki mwaka 1894 aliiachia serikali ya Ufaransa mkusanyiko wake.