Mdogo wako asiache kliniki

Dada yangu, umesema mdogo wako alipanuliwa valvu ya moyo kwa puto miaka minne iliyopita, sasa anapanda hadi Kibosho bila kuhema, naye anataka kuacha kliniki na sindano. Namsihi asiache.

Puto lilifungua valvu iliyogandamana, halikuifanya mpya. Valvu ya mitrali, ule mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ikiwa na afya ina uwazi wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Iliyobana sana huwa na 1.5 au chini, na baada ya puto mara nyingi hufika karibu 2. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayompa pumzi. Wengi hukaa miaka 10 au zaidi bila upasuaji, hasa waliotibiwa wakiwa vijana, valvu ikiwa bado laini. Lakini inaweza kubana tena polepole, na mgonjwa hupunguza mwendo bila kujua. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huliona hilo mapema, kwa hiyo apimwe hata akijisikia mzima.

Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 huzuia homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo na kudhuru moyo, isirudi kuiumiza valvu. Najua inauma sana, na foleni inachosha.

Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na anafikiria mtoto, amwone daktari wa moyo kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akianza kuhema usiku au moyo kwenda mbio ovyo, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali ya KCMC, Moshi, siku hiyohiyo.