Shimo la choo likikuta maji, si bahati

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Magu, karibu na ziwa, tupo sita nyumbani. Mwezi wa tisa fundi alichimba shimo la choo, futi 12 akakuta maji. Anasema tumepata bahati, kwamba shimo lililofika maji halijai. Kisima chetu kipo hatua 20 kutoka hapo. Tujenge, au kuna dawa ya kumwaga ndani kwanza?

JIBU: Marahaba. Simamisheni ujenzi. Dawa hakuna, na shimo hilo halifai.

Hili la "likifika maji halijai" limezoeleka mno ukanda wetu wa ziwa, na linaumiza watu. Linaaminika kwa sababu lina chembe ya ukweli: kinyesi kilicho ndani ya maji huoza na kushikana vizuri, hivyo shimo huchelewa kidogo kujaa. Lakini majimaji yanayoonekana kupotea hayajapotea. Yamechukuliwa na maji ya ardhini pamoja na vijidudu vyake, na maji hayo ndiyo mnayoteka kisimani. Kinachowalinda ni udongo mkavu ulio chini ya shimo: majimaji yakipenya humo polepole, bakteria wengi hunaswa na kufa njiani. Udongo ukishalowa kabisa hauchuji hivyo. Kwa hiyo vipimo ni viwili na vyote vitimie: kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji, na choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Hatua 20 ni kama mita 15. Mkilitumia shimo hilo, maji ya kisima yatabaki maangavu, hayatanuka, na bado yanaweza kuwapa homa ya matumbo au kipindupindu.

Tazameni pia mwezi mliochimba. Septemba kiangazi kinaishia, maji yako chini. Futi 12 za Septemba ni mita 3.6, Aprili zinaweza kuwa mita 2.5 au pungufu, na karibu na ufukwe maji ya ardhini hufuata ziwa. Mwaka 2020 na 2024 sote tuliona lilivyopanda. Hapo shimo hufurika, ukuta uliolowa humomonyoka kuanzia chini, na mbu aina ya kuleksi, ambao wanaweza kueneza matende, huzaliana humo.

Lifukieni shimo kwa udongo wake, mkishindilia kila sentimita 20. Choo chenu kiwe cha kuinuliwa. Pimeni kina cha maji kisimani kwa kamba na jiwe masika yakikolea. Kama hamwezi kusubiri, tafuteni alama ya juu kabisa ya unyevu kwenye ukuta wa kisima, kisha hesabuni kuwa maji yatafika nusu mita juu ya alama hiyo, kwa tahadhari. Tuseme mmepata mita 2.5 kutoka usawa wa ardhi. Chimbeni mita 1 tu, kipenyo cha ndani kiwe mita 1.2, halafu pandisheni ukuta wa matofali ya kuchoma hadi mita 1.5 juu ya ardhi, na ngazi nane za kupandia. Mkiacha sentimita 50 za juu, mnabaki na mita za ujazo 2.26. Mtu mmoja hujaza takriban 0.06 kwa mwaka, sita ni 0.36, basi kitakaa kama miaka sita. Maji ya kuoga yasiingie humo.

Mafundi wengi huharibu kwenye ukuta. Sehemu iliyo chini ya ardhi, viungo vya wima viachwe bila udongo wa simenti ili majimaji yatoke. Sehemu ya juu ya ardhi ijengwe kwa simenti kila kiungo, ipigwe plasta ndani na nje, kisha izungushiwe tuta la udongo lililoshindiliwa. Wakigeuza, juu kutavuja uani na chini kutakuwa tangi.

Slabu, yaani zege la kufunika shimo, iwe na kipenyo cha mita 1.5 na unene wa sentimita 8. Mfuko mmoja wa simenti unatosha kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto), na nondo za milimita 8 kila sentimita 15. Nondo zikae sentimita 2 kutoka chini ya slabu, zikiwekewa vijiwe. Zikiachwa juu, slabu hupasuka katikati. Ni zaidi ya kilo 300, hivyo mimineni vipande viwili, mvimwagilie maji siku saba. Tundu lisizidi upana wa sentimita 18, mtoto asiweze kupita, na liwe na mfuniko.

Fundi anayelipwa kwa futi ana sababu ya kuendelea kuchimba. Patana naye bei ya shimo lililojengewa. Na wanaozunguka minadani na dawa za "kushusha choo" msiwape hata mia. Asidi ya betri huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi na kula zege. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi inayolipuka mtu akiwasha kiberiti chooni. Chumvi na oili chafu huishia kwenye maji ya ardhini. Majivu kidogo kila baada ya kutumia yanapunguza harufu na nzi, basi.

Mkipima mita 30 za choo kipya, pimeni pia hadi visima vya majirani, pamoja na kile kilicho nyuma ya uzio.