Maswali ya Wasomaji: Barabara Kabla ya Viwanja

SWALI: Mashamba yetu yanapakana pembezoni mwa mji. Kila mmoja anakata viwanja na kuuza kivyake, na mwenzetu wa katikati tayari hana pa kupita. Tunaweza kupanga kwa pamoja bila mtu kudhulumiwa?

JIBU: Mnaweza, ila msikawie, maana kila msingi unaochimbwa unazidi kuwafungia njia. Unganisheni mashamba yote kwenye karatasi, yapangwe upya kama shamba moja, kisha kila mmoja arudishiwe viwanja kwa kadiri ya alichochangia. Frankfurt, Ujerumani, ilipata sheria ya kufanya hivi mwaka 1902, na maeneo ya Tokyo yaliyoungua baada ya tetemeko la 1923 yalipangwa upya kwa mtindo huohuo.

Anzeni na mpima ardhi. Ukubwa wa kutajwa kwa mdomo na ule wa kipimo mara nyingi haulingani, na ugomvi ukizuka viwanja vikiwa vimeshachorwa, kazi inarudi mwanzo. Kila mmoja asaini kipimo chake. Ndipo mpangamiji achore: kwanza mkondo wa maji ya mvua, pili barabara, viwanja mwisho. Wengi hupindua utaratibu huu, wakamaliza ardhi kwa viwanja na kuliita korongo lililobaki "eneo la wazi". Nani atacheza mpira korongoni?

Hesabu yake iko hivi. Tuseme mna hekta 4, yaani mita za mraba 40,000. Barabara na maeneo ya umma zichukue asilimia 30, na asilimia 5 iwe viwanja vya kuuzwa ili kulipia upimaji na mitaro. Zinabaki 26,000. Aliyeingia na 3,000 anatoka na 1,950, zikiwa na barabara mlangoni.

Atakayegoma ni mwenye shamba la kando ya barabara kuu, na hoja anayo: njia alikuwa nayo tangu zamani. Mwacheni palepale alipo na mpunguzieni mchango, tofauti ibebwe na wa ndani ambao ardhi yao inapanda thamani zaidi. Kumkata sawa na wengine ndiko kunakovunja makubaliano mengi.

Kabla ya kuuza hata kiwanja kimoja, simikeni mawe ya mipaka na mchonge barabara kwa greda. Barabara iliyo kwenye ramani tu humegwa: huyu anasogeza ukuta mita 1, wa ng'ambo naye anajibu, na njia ya mita 9 inabaki 7. Uwanja na eneo la shule viandikishwe kwa jina la mamlaka ya mji mapema.

SWALI: Mtaa wetu umejaa nyua za zege na sasa unafurika. Nikichimba shimo la mawe uani, litameza maji yangu?

JIBU: Peke yake, hapana. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 na ua wa ukubwa huohuo, mvua ikipiga milimita 40, vinatoa lita 8,000. Shimo la mita 1.5 kila upande, likishajazwa mawe, lina nafasi ya theluthi moja tu: kama lita 1,100. Badala yake, tandaza kokoto kubwa zilizooshwa, unene wa sentimita 20, chini ya ua wote. Hapo unahifadhi zaidi ya lita 6,000 huku udongo ukizinywa taratibu. Juu yake weka kokoto ndogo sentimita 5, kisha matofali ya kupanga yenye nafasi katikati.

Kinachoua kazi hii ni mchanga. Fundi akiusukumia kwenye zile nafasi, au akachanganyia saruji kabisa, maji hayapenyi tena. Ajaze kokoto ndogo. Kwanza pima udongo: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena. Maji yakishuka pungufu ya milimita 12 kwa saa, utahitaji bomba la kutolea ziada. Maji ya paa yaingie mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba.

SWALI: Kuzuia mji usitawanyike ni lazima tujenge maghorofa marefu?

JIBU: Si lazima. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, inashauri angalau watu 15,000 kwa kilomita ya mraba, yaani 150 kwa hekta. Kwa kaya za watu 5, hizo ni nyumba 30 kwa hekta. Ukitoa asilimia 35 ya barabara na huduma, kila nyumba inapata kiwanja cha mita za mraba 216, kinachotosha nyumba ya ghorofa moja na ua. Kanuni zinazolazimisha kiwanja kisipungue mita za mraba 600 ndizo zinazosukuma mji mashambani. Shirika hilo pia linataka asilimia 40 ya eneo la sakafu iwe ya shughuli za kiuchumi, kwa hiyo ruhusuni maduka na ofisi kwenye vyumba vya chini vinavyotazama barabara. Gereji na karakana za kuchomelea zitafutiwe sehemu yao.