Nairobi wananiita, niache kazi Arusha?

SWALI: Dada habari za Moshi. Mi niko Sakina hapa Arusha, mhasibu kwenye kampuni ya utalii, mwaka wa sita sasa. Kila masika wageni wakipungua, Aprili na Mei, bosi anatuambia tukapumzike nyumbani na mshahara hakuna. Sasa kuna kampuni Nairobi wameniita, hela karibu mara mbili, ila mkataba wa mwaka mmoja na miezi sita ya majaribio. Mama anasema kwa Wakenya unafukuzwa kabla hujazoea choo kiko wapi. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, mama hajakosea sana, ila na huko Arusha anakokuona salama miezi miwili unaishi kwa mkopo wa kikoba, tuwe wakweli. Mimi nimefanya kazi Nairobi miaka minne. Siku ya kwanza nikawa napita meza kwa meza, habari za asubuhi, mmeamkaje, nyumbani hawajambo, kufika meza ya tatu jamaa hata hajainua macho, "Poa, ile ripoti iko wapi?" Ripoti gani jamani, hata kiti nilikuwa sijapewa! Ila wiki hiyohiyo nikaona kijana anambishia bosi mbele ya watu, anamwita jina lake kavu, na kesho yake wanakunywa chai pamoja. Huku kwetu hata ukianza na shikamoo ungeitwa mjuaji.

Sasa hiyo miezi sita ndo ya kuangalia. Sheria yao ya ajira ya 2007 inaruhusu aliye kwenye majaribio aachishwe kwa notisi ya siku 7. Siku saba, na kodi ya nyumba ushalipa! Huku nako asiyefikisha miezi sita hana pa kulalamikia kuachishwa kwa uonevu, lakini wewe huko ulishavuka zamani, ukienda unaanza moja. Kiinua mgongo chetu ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, mwisho miaka 10, kwao ukipunguzwa kazi ni siku 15. Ukiacha mwenyewe sahau. Likizo isikubabaishe, zetu 28 zinahesabu mpaka Jumapili, zao 21 ni siku za kazi.

Hiyo mara mbili uliza ni mkononi au kabla ya makato, maana kuna kodi, NSSF, asilimia 2.75 ya afya na 1.5 ya nyumba. Na kibali cha kazi kitoke kabla hujapanda gari la Namanga, soko la pamoja lipo tangu 2010 ila kibali bado kinatakiwa. Wakikwambia "njoo tu tutashughulikia", usiende.

Ningekuwa wewe ningeomba majaribio miezi mitatu na notisi ya mwezi mzima hata ndani ya majaribio. Wakikubali, nenda. Wakikataa baki, ila muulize bosi kwa maandishi hiyo Aprili na Mei iko kifungu gani cha mkataba wako. Akikuachisha kwa kuuliza, CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wanapokea lalamiko ndani ya siku 30, usikae nyumbani unasubiri aghairi.