Ile 1 isiyoandikwa: kuintegreti tan⁻¹x na wenzake

Nawaandikia ninyi mnaoanza kuintegreti vinyume vya fankisheni za trigonometria, iwe mko kidato cha sita katika mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au mwaka wa kwanza wa uhandisi. Nimewasaidia wanafunzi katika mada hii kwa miaka kadhaa, na mimi mwenyewe nilikwama ndani yake kabla yao.

Nilipokutana na ∫tan⁻¹x dx kwa mara ya kwanza nilitafuta fankisheni ya pili nisiione, maana tulikuwa tumezoea kwamba kuintegreti kwa sehemu, yaani ∫u dv = uv − ∫v du, kunahitaji fankisheni mbili zilizozidishwa. Ya pili ipo, ila haiandikwi: ni 1. Weka u = tan⁻¹x na dv = 1 dx. Kwa kuwa du = dx/(1 + x²) na v = x, swali linageuka kuwa x tan⁻¹x − ∫x/(1 + x²) dx, na katika x/(1 + x²) iliyobaki, kiasi (x iliyo juu) ni nusu ya kile unachopata ukidifarenshieti asili (1 + x² iliyo chini), hivyo jibu ni x tan⁻¹x − ½ ln(1 + x²) + C. Tazama kwa nini kinyume ndicho kilichofanywa u: kikishadifarenshietiwa kinatoweka, na kinachobaki ni aljebra mnayoifahamu.

Kwa sin⁻¹x njia ni hiyo hiyo, na jibu ni x sin⁻¹x + √(1 − x²) + C. Alama ya kujumlisha iliyo katikati huwakosesha wengi, kwa sababu kwenye tan⁻¹x waliona ya kutoa, wakakariri hiyo. Hapa nawasihi mchore. Chora grafu ya y = sin⁻¹x kuanzia x = 0 hadi x = 1, kisha uizungushie mstatili wenye upana 1 na kimo π/2. Eneo lililo chini ya grafu ndilo unalolitafuta. Lililo juu yake, ukilitazama kutoka mhimili wa y, ni integrali ya sin y kuanzia 0 hadi π/2, ambayo ni 1. Basi eneo letu ni π/2 − 1, na fomula inatoa hilo hilo. Aliyeweka alama ya kutoa atapata π/2 + 1, eneo kubwa kuliko mstatili wenyewe, na kosa atalikamata kabla ya msahihishaji.

Mchoro huo huo utawaokoa na kikokotoo. Integrali ya tan⁻¹x kuanzia 0 hadi 1 ni π/4 − ½ ln 2, yaani takriban 0.4388. Kikokotoo kikiwa kimeachwa kwenye nyuzi badala ya radiani, tan⁻¹1 itasomeka 45 na jibu litakuwa 44.65, ilhali grafu hiyo haivuki kimo cha 0.79 juu ya upana wa 1. Nimeona kazi nzuri kabisa ikipoteza alama kwa kosa hili moja.

Kuhusu alama ya −1, iliyoanza kutumiwa na mwanahisabati Mwingereza John Herschel mwaka 1813, kumbukeni kwamba si kipeo: 1/sin x ni cosec x, jambo jingine kabisa. Anayechanganyikiwa na aandike arcsin badala ya sin⁻¹.

Mkishazoea, jaribuni ∫x tan⁻¹x dx. Wengi huchukua v = ½x², kisha huhangaika kugawanya x² kwa 1 + x². Lakini v inaruhusiwa kuongezewa namba yoyote isiyobadilika, kwa hiyo chukueni v = ½(x² + 1). Sasa v ikizidishwa kwa du, mabano yote yanakatana na kubaki ½ dx tu, na jibu linaandikwa kwa mstari mmoja: ½(x² + 1) tan⁻¹x − ½x + C.