Kanula zangu zinavimba siku ya pili, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi mpya, nina miezi minne wodi ya wanaume. Kuchoma kanula, kile kimrija cha plastiki cha kupitishia dripu na dawa mshipani, naweza, damu inarudi vizuri na dripu inatembea, ila nikirudi zamu ya kesho yake nakuta mkono umevimba au mgonjwa analalamika panawaka. Wazee ndo kabisa, mishipa inanikimbia. Alafu inchaji wetu, yaani msimamizi wa wodi, anataka kila kanula itolewe siku ya tatu hata kama iko safi, sasa mgonjwa mwenye mishipa miwili ya maana si tunammaliza? Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kama damu inarudi na dripu inatembea basi kuchoma unajua, hiyo hofu iondoe. Mimi nakuuliza, unaziweka wapi? Maana naona kabisa utaniambia kwenye mkunjo wa kiwiko, pale kwa ndani, kwasababu ule mshipa mnene unauona hata umeme ukikatika. Sote tumeanzia hapo. Shida ni kwamba mgonjwa atakula kwa mkono huohuo, atajifunika shuka, atalala ameukunja, na kila akikunja ile kanula inacheza ndani inakwaruza ukuta wa mshipa mpaka ukuta unavimba au unatoboka, maji yanaenda kwenye nyama badala ya kwenye damu. Shuka kwenye kigasha, pale kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, mfupa wenyewe unakuwa kama banzi. Kiwiko waachie watu wa dharura. Na uchague mkono ambao hautumii sana, ila usiguse mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu kwa mashine, wala upande aliotolewa titi.

La pili ni saizi. Wengi wanaona kubwa ndo ushujaa. Kijani namba 18 iweke kwa anayevuja damu au anayeenda theata, huyu wa antibayotiki na lita mbili za maji pinki namba 20 inamtosha, na mzee mwenye mishipa myembamba bluu namba 22 haina aibu yoyote. Kanula ikijaza mshipa wote damu inakosa nafasi ya kupita pembeni yake, dawa inakaa palepale inaunguza.

Kwa hao wazee sasa. Mshipa unakimbia kwasababu ngozi imelegea, kwahiyo dole gumba la mkono wa pili livute ngozi kwenda chini na usiliachie mpaka kanula imeingia yote. Mpira wa kufungia usikaze sana wala usiuache zaidi ya dakika moja hivi, mshipa wa mzee ukishajaa kupita kiasi ukiugusa tu unapasuka, wengine mimi hata siwafungi. Ingia kwa mlalo, nyuzi 10 mpaka 15, ukiona damu kwenye chemba, kile kichupa cha nyuma ya sindano, shusha mkono wako, sogeza milimita 2 tu, alafu telezesha plastiki huku sindano umeishikilia. Na ukishaivuta sindano nyuma usiirudishe tena ndani hata kama kanula imegoma, inaweza kukata kipande cha plastiki kikaondoka na damu. Ukikosa mara mbili muite mwenzako, mgonjwa hatakudharau.

Kuna kosa moja dogo sana ambalo nadhani na wewe unalo: unapaka spiriti vizuri, alafu unarudisha kidole kuhakikisha mshipa bado upo. Hapo umerudisha wadudu. Papasa kwanza, kisha safisha sekunde 30, acha pakauke pekeyake, usipepee wala usipulize, alafu choma bila kugusa tena.

Kwenye plasta nikupe kisa. Zamani kidogo nilipokea zamu nikakuta mzee mmoja mkono umezungushiwa plasta nyeupe kama anaenda kupigana ngumi, chini yake pamba. Kwenye chati kanula imeandikwa iko sawa, siku mbili mfululizo. Mzee mwenyewe kimya, wazee wetu hawalalamiki. Nikafungua. Mstari mwekundu umepanda kama sentimita 8, ukiupapasa mgumu kama kamba ya kiatu, na kwenye tundu usaha. Hakuna aliyedanganya kwenye ile chati, hapakuonekana tu. Toka siku ile tundu la kanula mimi lazima nilione, kama ile plasta ya kioo hakuna basi kipande kidogo cha gozi safi na plasta mbili pembeni, tarehe na saa juu yake. Kila zamu angalia, gusa, muulize panauma. Kukiwa na maumivu na wekundu au uvimbe, toa, usisubiri daktari apite raundi.

Kabla ya kila dozi sugua kizibo kwa spiriti sekunde 15, sukuma mililita 5 za maji ya chumvi, kidogo unaacha kidogo unaacha, kisha dawa, kisha maji tena. Ikigoma usilazimishe. Hayo maji ya katikati msiyaruke hasa antibayotiki ya seftriaksoni ikifuatana na dripu ya ringa, ile kalsiamu ya ringa inagandana nayo, na kwa kichanga hizo mbili hazikutani kabisa.

Haya, inchaji. Utafiti mkubwa wa Australia uliotoka 2012, wagonjwa 3,283, ulilinganisha kubadilisha kila siku ya tatu na kubadilisha pale tu panapokuwa na sababu, mshipa kuvimba ikawa asilimia 7 pande zote mbili. Kwahiyo kwa mtu mzima kanula safi inayofanya kazi huna haja ya kuitoa kisa siku zimetimia. Ila inchaji wako nae namwelewa, nesi mmoja wagonjwa 40, anajua hakuna anayeangalia, bora zitoke zote. Ukitaka akuelewe usimpelekee utafiti, mpelekee chati ambayo kila kanula imeangaliwa kila zamu. Ile iliyowekwa mbiombio mapokezi bila usafi wa uhakika, hiyo itoke ndani ya saa 48 bila mjadala. Na ambayo haijapitisha kitu tangu jana na hakuna mpango wa kuitumia, inasubiri nini?

Ukiitoa gandamiza dakika 2 au 3, zaidi kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kabla hujaitupa angalia ncha ya plastiki kama imetoka nzima.